Jembe la Mtani

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mengi ya kumtaja mtu tumpendaye ilhali hatuna naye damu moja: rafiki, sahibu, mwandani, msiri. Kila neno lina kipimo chake. Sahibu ni wa kukaa naye barazani; msiri ni wa kumnong'oneza. Lakini liko neno moja ambalo watu hawaliweki katika safu hii, na kwa maoni yetu lingestahili kukaa mbele kabisa, nalo ni mtani. Rafiki twamchagua wenyewe. Mtani tulichaguliwa na babu zetu kabla hatujazaliwa, na mara nyingi walimchagua kwa ncha ya mkuki.

Sisi tuandikao haya ni Wahehe wa Iringa kwa kuzaliwa, na mtani wetu mkubwa ni Mngoni. Asili ya jambo hilo haina siri. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baadaye baadhi yao wakaweka maskani katika nchi ya Songea. Huko walikutana na nguvu ya Wahehe iliyokuwa ikipanda, na kati ya mwaka 1878 na 1882 pande hizi mbili zikapigana vita vikali ambavyo havikumpa yeyote ushindi wa dhahiri. Haukupita muda mrefu, kila mmoja kwa zamu yake akakabiliana na Mjerumani. Mkwawa alilishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa. Wangoni waliingia katika Vita vya Majimaji, na mwezi wa Februari 1906 viongozi wao wengi wakanyongwa Songea. Watu waliokwisha kupimana nguvu kiasi hicho, na kuzika kiasi hicho, hawana tena la kufichana. Mikuki ikageuka maneno. Mhehe akifika kwa Mngoni huingia bila woga, hukamata kuku, humwita mwenyeji mateka wake, na mwenyeji hana ruhusa ya kukasirika; ruhusa aliyo nayo ni ya kujibu kwa neno kali zaidi.

Si vita tu vilivyozaa utani. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana kwa sababu ya misafara iliyokwenda pwani na kurudi, kwani mpagazi aliyeugua njiani alihitaji mahali pa kulala penye mtu asiyeweza kumfukuza. Na ndani ya ukoo mwenyewe babu humtania mjukuu, na shemeji humtania shemeji. Walakini ule wa kabila na kabila ndio uliotufaa sisi tuliosoma shule za bweni wakati ambapo mtoto wa Bukoba aliweza kupelekwa Mtwara na wa Mtwara akapelekwa Mwanza. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyeshuka mahali asipomjua mtu alianza kwa kumtafuta mtani wake, na akimpata, amepata ndugu.

Ndivyo tulivyompata rafiki tunayetaka kumsimulia hapa. Ilikuwa mwaka 1989, katika stesheni ya reli ya Dodoma, usiku. Tulikuwa tumechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule moja ya bweni mkoani Tabora, na wanafunzi tulikuwa wengi, kila mmoja na waranti yake mkononi na sanduku lake la bati miguuni. Jina letu lilipoitwa, akatokea kijana mrefu, mwembamba, ambaye alikuwa amesafiri siku mbili kwa basi kutoka Songea. Hakusalimu. Alikaa juu ya sanduku letu akasema hanyanyuki mpaka Mhehe alipe kodi ya babu zake, kisha akagonga bati kwa vidole na kuuliza kama mbwa wa masurufu yumo humo ndani, maana asikia harufu. (Msomaji asiyejua na ajue kwamba Wangoni wamewasingizia Wahehe kula mbwa tangu zamani za kale, na hakuna ushahidi utakaowanyamazisha.) Nasi tukamjibu kwamba tunamhurumia, maana babu zake walianza kukimbia kutoka kusini hata leo hawajapata pa kupumzikia. Watu wote jukwaani wakacheka. Tulipofika Tabora alfajiri tulikuwa tumejifunika blanketi moja.

Miaka miwili tuliyokaa pale tulisoma pamoja, tulilima shamba la shule pamoja, na chini ya miembe ya Tabora tulitunga mashairi kwa kujibizana, yeye beti moja nasi beti moja, mizani nane kwa nane, aliyekosa kina akachota maji ya mwenzake. Kama leo twaitwa washairi, chanzo ni zile ndoo za maji tulizochota. Alikuwa hodari kutushinda. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa kila mmoja akaajiriwa upande wake, na malumbano yakaendelea kwa posta. Kisha, katikati ya miaka ya 1990, wakati watumishi wengi walipopunguzwa kazini nchini kote, barua zake zikakoma. Tuliandika mara ya pili na ya tatu. Sanduku la posta lilikuwa la ofisi, na ofisi haikuwa tena na habari zake.

Zaidi ya miaka ishirini na mitano ikapita hivyo. Ofisi yetu ikahamia Dodoma mwaka 2017, watoto wakakua, nywele zikaanza kubadili rangi. Mwezi Juni 2024, shule zilipofungwa, tuliamua kuwachukua watoto kwa gari hadi Ziwa Nyasa, kwa kuwa lami sasa yafika Mbamba Bay na binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amelichora ziwa hilo mara nyingi katika daftari la jiografia bila ya kuliona. Tulipita Bwawa la Mtera, tukalala Iringa kwa wazee. Hapo Iringa, kwa bahati, tukakutana na mtu tuliyesoma naye Tabora. Katika mazungumzo akatuambia kwamba yule Mngoni wetu yu hai, analima mahindi katika kijiji kilicho kando ya barabara, kabla ya kufika Songea mjini. Namba ya simu hakuwa nayo.

Mama wa watoto wetu alishauri tutafute namba kwanza, kwani siku hizi kumfikia mtu bila taarifa ni kumtia aibu. Hoja yake ilikuwa na uzito, nasi hatukuwa na jibu isipokuwa kwamba mtani hapigi simu. Basi tukashika njia: Mafinga na misitu yake ya misindano, Makambako, kisha barabara ya kushoto, karibu kilomita mia tatu hadi Songea. Baridi ya Njombe mwezi wa sita huwafanya hata watoto wa simu wafunge madirisha na kuongea. Tuliwasimulia habari za stesheni na sanduku la bati. Kijana wetu mdogo alicheka, binti hakucheka. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa vizuri shuleni, kama kumwita mtu mla mbwa si ubaguzi wa kabila.

Swali hilo tulilisikia pia ofisini kutoka kwa vijana wenye elimu kutuzidi, kwa hiyo hatukulipuuza. Tulimwambia kwamba tofauti imo katika haki ya kujibu. Mkubwa wa kazi akimfanyia mzaha tarishi, huo si utani hata wakacheka wote wawili, maana tarishi hana pa kurudishia. Mtani ni yule ambaye kila neno alitoalo ameshajikopesha, na atalipa. Tena utani una mipaka: hautaniwi mtu asiyehusika, wala hauendi bila ya kazi zake, na kazi yake kubwa ni msiba. Binti akanyamaza. Ndugu yake akatupa mfano wake: watani wa jadi ni Simba na Yanga. Tulicheka, lakini baadaye tulifikiri kwamba hapo ndipo neno lilipofika kwa watoto wa nyumba yetu, uwanjani, na si penginepo.

Tulifika jioni. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, na uani mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya turubai. Mbwa mwekundu alibweka akaacha. Mtu akatoka mlangoni, mrefu, mwembamba zaidi ya tulivyomkumbuka, kofia mkononi. Tukangoja atukane. Tulikuwa tumejiandalia na jibu tangu Makambako.

Alituamkia kwa adabu. "Karibu, Bwana Afisa," akasema, "karibuni na familia, mpate kupumzika." Akatupa kiti kizuri kuliko vingine, yeye akakaa kwenye kigoda. Akauliza habari za safari, za kazi, za Serikali huko Dodoma. Alitujua vyema; jina alilitaja. Shemeji akaleta maji ya kunawa, ukaja ugali na majani ya maboga na maharage, tukala. Kila tulipotupa neno la mchokozo, lilianguka sakafuni mbele yake naye akalitazama tu. Msomaji, twakuomba uamini kwamba hakuna tusi lililopata kutuchoma kama lile neno "Bwana Afisa" lilivyotuchoma usiku ule. Adabu yake ilikuwa ua, nasi tulikuwa nje.

Tulidhani sababu ni ile kazi aliyopoteza zamani, au gari letu lililosimama uani, ambalo kwa kweli ni kuukuu. Habari yenyewe ilipitia jikoni. Usiku mama watoto alirudi kutoka kwenye mafiga, ambako alikuwa amekaa na shemeji, akatueleza kwa kunong'ona. Mtoto wao wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akiendesha bodaboda, aligongwa na lori miaka miwili iliyopita, kwenye barabara ile ile tuliyokuja nayo. Tangu siku hiyo mwenye nyumba hakupata kutania mtu. Na liko jambo jingine. Msiba uliendeshwa na kamati: turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti, ratiba. Alikuwako mzee mmoja wa Kihehe, mtani wa kijiji kizima, ambaye alianza kazi yake kama ilivyo desturi, akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Vijana wa kamati wakamtoa. Wakamwambia huu si wakati wa mchezo. Yule mzee akaondoka na fimbo yake bila ya kula chakula cha msiba, na kabla ya mwaka kuisha naye akafa.

Hatukulala vizuri. Jambo tulilolifikiria si jepesi kulieleza kwa wasomaji vijana, nao ndio tungependa walielewe. Mtani msibani hana ruhusa ya kulia kama wafiwa. Kazi yake ni kumsema marehemu: ati amekufa ili akwepe madeni, ati alikuwa mlafi, ati avaa vibaya hata sanda. Huvaa nguo zake na kuiga mwendo wake, mpaka mama aliyenyamaza kwa siku mbili acheke bila ya kutaka, na ndani ya kicheko hicho machozi yaliyogoma yapate njia. Yeye peke yake anaweza, kwa sababu si ndugu, kwa hiyo hajavunjika. Wala si mgeni, kwa hiyo haombi radhi. Lakini je, sisi tulikuwa bado watani? Karibu miaka thelathini bila neno si mchezo. Na aliyelala pale hakuwa babu aliyeshiba siku zake. Alikuwa kijana, naye baba yake alikuwa amekwisha kutuita Bwana Afisa. Neno lile lile ambalo kwa mtani ni dawa, kwa mgeni ni kufuru, na hapakuwa na mtu wa kutuambia sisi tuko upande gani.

Asubuhi umande ulikuwa mzito. Alitupeleka nyuma ya nyumba bila ya sisi kuomba, watoto wakafuata. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, limepaliwa safi, na jembe limeegemezwa kwenye mgomba. Alipalilia pale kila asubuhi, tukaambiwa baadaye, hata pasipo na jani. Tulisimama kimya muda wa kutosha kwa heshima. Kisha tukalichukua lile jembe, tukalitia begani, tukaketi juu ya gogo pembeni.

Tukasema kwa sauti ya kusikika kwamba jembe hili limekamatwa na Wahehe. Kwamba kijana huyu ametukosea sana, kwani ilikuwa haki yake kuja Iringa kuwasalimu mabwana zake kabla ya kwenda popote, naye, kwa tabia ya Wangoni ya kukimbia, amepita njia nyingine akidhani hatutamfuata. Kwamba tumemfuata. Kwamba alizikwa bila ya ushuru wa watani kulipwa, na mzee wetu akafukuzwa na njaa yake, kwa hiyo deni ni la mazishi mawili, na hapa hatuondoki.

Hakujibu. Binti yetu alitushika mkono wa koti akalivuta, uso wake umejaa aibu. Shemeji alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na beseni. Kulikuwa na mlio wa lori likipanda kilima mbali barabarani, na tulilisikia mpaka mwisho.

"Mama," akasema bila ya kutugeukia, akimwita mkewe, na sauti yake ilikuwa imekwaruza, "mfunge mbwa. Wahehe wamefika."

Shemeji akaachilia beseni likaanguka. Yeye akaanza kucheka, kwanza kama mtu anayekohoa, akainama, akashika magoti, na kicheko kikageuka njiani, akaketi chini kwenye umande akalia kwa sauti ambayo mkewe alituambia hakuisikia hata siku ya kuzika. Shemeji naye akalia. Sisi mtani haturuhusiwi kulia, kwa hiyo tuliendelea kushikilia jembe na kudai. Tulidai ng'ombe. Akasema, huku akijifuta, kwamba Mhehe hajui kuchunga ng'ombe, atamla njiani. Tukashuka hadi mbuzi. Mwisho jembe lilikombolewa kwa jogoo mmoja na debe la mahindi, na akasisitiza tuandikiane risiti, maana sisi ni watu wa Serikali na hatuaminiki.

Siku ile hatukwenda ziwani. Alizungumza mpaka jua likazama. Tulipomwuliza kuhusu barua, alisema kwamba alipopunguzwa kazini alirudi kijijini na mfuko mmoja, akawa na shairi la kutujibu limekamilika isipokuwa beti ya mwisho, na kila alipokaa kuimaliza aliona haya ya kuandika anwani mpya. Mashairi mengine aliyatunga akayaimba shambani peke yake. Juu ya msiba alisema machache. "Nilimzika mwanangu kama mtu aliyehudhuria mkutano," akatuambia. "Watu walikuja wengi, walichanga vizuri, sina lawama. Lakini hakuna aliyenikosea adabu." Tumeyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa sababu hatuwezi kuyaboresha.

Hatusemi kamati za misiba ni mbaya. Viti vya plastiki vinawasitiri wazee, na mchango wa majirani ni ujamaa uliobaki wa kweli. Hata hivyo twaona kwamba vijana wale waliomtoa mzee kaburini walidhani wanalinda heshima ya mfiwa, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba yule mzee ndiye aliyekuwa na zamu. Shuleni wanafundishwa ngoma za makabila, nasi twazipenda. Lizombe ya Wangoni likichezwa vizuri hufanya hata Mhehe akanyage ardhi. Ngoma yaweza kuonyeshwa jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Utani haufundishiki hivyo. Lazima pawe na mtu wa kuudhiwa, na deni, na mlango wa kuingilia.

Kesho yake tulipokuwa tukipakia mizigo, jogoo amefungwa miguu na kuwekwa nyuma ya gari, binti yetu alikosa kiatu kimoja. Alitafuta chini ya viti, akatafuta chumbani. Baba mdogo wake wa siku mbili alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono nyuma, akitazama mawingu. Akasema amesikia kwamba Wahehe huenda shule siku hizi, basi huyu msomi na aseme atalipa nini.

Binti alisimama na soksi moja katika vumbi. Alitutazama, nasi tukatazama mawingu vile vile. Hatimaye akasema kwamba hana haja ya kiatu, kwani tangu Wangoni walipokimbia kutoka kusini pekupeku ni wazi kwamba wao ndio wenye shida nacho.

Mtani wetu akapiga makofi akaita watu waje wamsikie mtoto huyu. Kiatu kikarudishwa kwa kalamu ya wino. Naye binti akanyosha mkono akadai chenji.